Somo la 31: Bustani ya Zamani katika Nyumba Mpya

1. Mti ni kazi ya miaka

Nyumba inaweza kujengwa kwa miezi michache. Matofali yakiwa tayari, mabati yakipatikana, na fundi akiwa hodari, kazi inakwisha. Lakini mti hauharakishwi. Mwenye kupanda mbegu ya avoka leo atangoja miaka 5, pengine 7 au zaidi, kabla ya kuchuma tunda la kwanza. Na mti huo huo mtu mwenye shoka anaweza kuuangusha kabla ya saa sita za mchana. Kupanda ni kazi ya miaka, kukata ni kazi ya asubuhi moja. Kila mtu anayehamia katika nyumba iliyokaliwa na wengine yampasa kukumbuka hesabu hiyo.

Mtu akiingia katika nyumba mpya hupenda kuitengeneza. Anapaka chokaa ukutani, anabadili kufuli, anaziba mahali bati linapovuja. Hayo yote ni mema. Kisha anatoka nje na kuona bustani ambayo hakuipanda yeye. Haimpendezi. Miti imesimama ovyo, magugu yamejaa, maua yamezeeka. Basi anasema moyoni: «Nitafyeka yote, nianze upya.»

Neno hilo ni la haraka. Somo hili linafundisha namna ya kutengeneza bustani mpya bila kupoteza mema ya ile ya zamani.

2. Vilima vya Bukavu

Mji wa Bukavu uko kusini ya Ziwa Kivu, mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani. Maji ya ziwa yako karibu mita 1460 juu ya bahari, na nyumba za watu zinapanda kutoka hapo juu ya vilima. Mvua hunyesha tangu mwezi wa Septemba hata mwezi wa Mei. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Udongo ni mwekundu na wa kunata. Ukiloa sana unakuwa mzito, nao unateleza.

Hapo zamani, mji ulipoitwa Costermansville, nyumba nyingi zilikuwa na viwanja vikubwa vyenye miti. Jina hilo liliachwa katika miaka ya 1950. Baadaye watu waliongezeka, hasa tangu vita vya miaka ya 1990. Viwanja viligawanywa, miti ikakatwa, nyumba zikajengwa hata penye mteremko mkali. Leo wenyeji wa Bukavu wanajua vema maana ya mmomonyoko. Mvua kubwa inafungua makorongo katikati ya njia. Inachukua udongo, na pengine inachukua nyumba pamoja na watu waliolala ndani yake.

Kwa hiyo mti katika kiwanja cha kilimani si pambo tu. Una kazi, hata kama hauna tunda.

3. Hatua nne za ua

Tazameni mfano huu. Jamaa moja ilinunua nyumba ya zamani juu ya kilima: baba, mama na watoto wanne. Walihamia mwezi wa Agosti, udongo ukiwa mkavu. Nyuma ya nyumba kiwanja kilipanda mpaka barabara. Kando ya barabara palikuwa na ua mnene wa miti midogo iliyosongana, na chini yake majani ya tembo. Katikati ya kiwanja palikuwa na mti mkubwa wa avoka, migomba mingi, miti sita ya kahawa iliyozeeka, mpera mchanga, na mawaridi mawili yaliyofunikwa na magugu. Mkaratusi mrefu ulisimama karibu sana na jiko.

Baba alitaka uwanja wa majani mafupi, maua kwa mistari, na mboga pembeni. Akaita vijana wawili wenye mapanga. Wakaanza juu, kwenye ua. Walikuwa wamekwisha kukata hatua nne wakati mzee jirani alipofika na fimbo yake.

«Jambo, mwanangu. Karibu kwetu.»

«Jambo, mzee. Asante.»

«Ua huu unaukata kwa sababu gani?»

«Mzee, umezeeka. Hauna matunda, hauna maua. Tena unatuzuia kuona barabara.»

«Hauna matunda, ni kweli. Lakini je, umekwisha kuuona wakati wa mvua?»

«Bado, mzee. Tulifika juma lililopita.»

«Basi ngoja uuone. Ukiisha kuuona, nawe ukitaka bado kuukata, panga halitakuwa limepotea.»

Baba hakufurahi, maana alikuwa amekwisha kuwalipa vijana. Lakini aliheshimu mvi za mzee. Akawaambia vijana waache ua, wang'oe magugu tu.

Mwezi wa Septemba ukafika. Usiku mmoja mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi watoto walitoka nje wakashangaa. Maji ya barabara yalikuwa yameshuka kwa nguvu. Mahali ua uliposimama, maji yalipungua nguvu, na udongo ulilundikana nyuma ya majani ya tembo, kama mchanga nyuma ya jiwe mtoni. Lakini penye zile hatua nne zilizokatwa, maji yalipita kama mlangoni. Yalichimba mfereji toka juu mpaka jikoni. Jiko likajaa matope. Makala yakaloa, na unga wa juma zima ukapotea.

Mama alitazama pengo lile, akasema: «Baba watoto, hatua nne zimetuletea haya. Kama ua wote ungalikatwa, je, tungaliamka?»

Baba hakujibu. Siku ile ile alikwenda kwa mzee kuomba mashina ya majani ya tembo. Mzee alimpa, akamwambia: «Majani yatashika kwa miezi michache. Lakini miti ya ua itakawia, miaka miwili au mitatu. Mpaka hapo, weka mawe, na umwombe Mungu mvua ya pole.»

4. Kazi ambayo jicho haliioni

Kwa nini ua ule ulizuia maji? Yafaa kujua mambo matatu.

Kwanza, majani ya mti yanapokea matone ya mvua. Tone linaloanguka moja kwa moja juu ya udongo mtupu linaupiga na kuuvunja. Tone linaloangukia jani linapasuka, kisha linashuka pole pole.

Pili, majani yaliyoanguka yanafunika udongo kama blanketi. Maji yakipita juu yake hayapati mbio. Tena, yakioza yanakuwa mbolea.

Tatu, mizizi inafunga udongo kama kamba zinavyofunga mzigo. Pia inafungua vijia vidogo, maji yapate kuingia ndani badala ya kukimbia juu.

Mizizi mingi ya mti haiendi chini sana. Watu wengi wanadhani kwamba chini ya ardhi mti una umbo lile lile la juu. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi inayotafuta chakula iko katika udongo wa juu, si zaidi ya nusu mita au mita moja, nayo inaenea mbali kupita mwisho wa matawi. Kwa sababu hiyo, mtu anayechimba mtaro mbali kidogo na shina anaweza kuuumiza mti bila kujua.

5. Kungoja na kuhesabu

Baada ya mvua ile, baba aliacha haraka yake. Binti mkubwa, aliyekuwa darasa la tano, alitwaa karatasi. Alichora nyumba, jiko, njia na kisima. Kisha akaandika kila mti na kila mmea mahali pake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kila mtu anayehamia. Atazame bustani yake wakati wa mvua na wakati wa kiangazi kabla ya kukata kitu kikubwa. Aandike mambo haya:

Maji yanapita wapi? Kivuli kinaanguka wapi asubuhi, na wapi jioni? Upepo unatoka upande gani? Mmea gani unatoa tunda, na mwezi gani? Mmea gani unashika udongo?

Tena aulize majirani. Jirani anajua avoka ipi ni tamu na ni nani aliyeipanda. Anajua pia mti upi ni alama ya mpaka. Kukata mti wa mpaka bila kuuliza ni kupanda ugomvi.

Tena asidhani kwamba kila kilichokauka kimekufa. Miti mingine huangusha majani wakati wa kiangazi. Maua mengine hulala ndani ya udongo kama kitunguu, yakaamka mvua inaporudi. Kuna njia rahisi ya kujua: kwangua gome la tawi dogo kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya kijani na maji maji, tawi ni zima. Pakiwa pa kahawia na pakavu, tawi hilo limekufa. Basi jaribu tawi lingine kabla ya kuuhukumu mti wote.

Hesabu ikiisha, mimea igawanywe katika makundi matatu: ya kukaa, ya kuhama, na ya kuondoka.

6. Mimea ya kukaa

Katika kiwanja cha jamaa ile, ua, mti wa avoka, migomba na kahawa viliandikwa katika kundi la kukaa. Lakini haitoshi kusema: «Mti huu ukae.» Miti mingi haifi kwa shoka, bali inakufa pole pole kwa kazi za wajenzi. Basi watu waangalie mambo haya:

Wasichimbe mtaro wala msingi chini ya matawi ya mti mkubwa. Wasilundike udongo kwenye shina, maana mizizi inahitaji hewa, na gome lililofunikwa linaoza. Wasichanganye saruji wala chokaa karibu na mti, wala wasimwage hapo maji ya kuoshea vyombo vya ujenzi. Wasichome takataka chini yake. Njia ikilazimika kupita karibu na mti, itengenezwe kwa mawe bapa yaliyolazwa juu ya udongo, bila saruji.

Watoto nao wana wajibu wao. Wasichonge majina yao katika gome. Wasifunge waya wa nguo kuzunguka shina. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kwenye mizizi kwa njia ya gome. Gome likikatwa au kubanwa pande zote, mizizi inakosa chakula, na mti unakufa.

Mti wa avoka ulikuwa na tawi zito juu ya bati la nyumba. Tawi la namna hiyo hukatwa mara tatu. Kwanza msumeno unakata kidogo toka chini, mbali na shina. Kisha unakata toka juu, mbali zaidi kidogo, tawi lianguke bila kuchuna gome. Mwisho kisiki cha tawi kinaondolewa karibu na shina, nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shingo ya tawi. Uvimbe huo usikatwe, kwa maana ndio unaofunga kidonda. Zamani watu walipaka rangi au lami juu ya kidonda; siku hizi inajulikana kwamba haisaidii. Tena, yasiondolewe matawi mengi kwa mwaka mmoja: robo ya matawi inatosha kabisa.

Migomba ilikuwa imesongana. Mgomba mmoja unazaa mara moja tu, kisha unakatwa. Katika kila shina yafaa kuacha mitatu: mama mwenye mkungu, binti anayekua, na mjukuu anayechipuka. Lakini kuna hatari. Tangu miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko umeharibu migomba mingi katika Kivu. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina rangi ya kahawia, na shina lililokatwa linatoa usaha wa manjano. Panga linachukua ugonjwa huo toka mgomba hata mgomba. Kwa hiyo lipitishwe katika moto kila mara kabla ya kugusa shina lingine.

Miti ya kahawa ilikuwa mirefu na haikuzaa vema. Baba alitaka kuing'oa. Mzee alimwonyesha njia nyingine. Mwisho wa kiangazi, mti wa kahawa uliozeeka unakatwa kwa msumeno, sentimeta 30 toka chini, kwa mshazari ili maji yasikae juu ya kisiki. Mvua ikinyesha, machipukizi mengi yanatoka. Mawili au matatu yenye nguvu yanaachwa, mengine yanaondolewa. Mizizi ya zamani inalisha machipukizi hayo, nayo yanakua upesi kupita mche mpya. Yafaa kukata nusu ya miti mwaka huu na nusu mwaka ujao, jamaa isikose kahawa kabisa.

Injili nayo inasimulia habari ya mtunza shamba aliyeuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, apate kuuchimbulia na kuutilia samadi. Mtu yule alijua kazi yake.

7. Mimea ya kuhama

Mpera mchanga na mawaridi yalikuwa katikati ya mahali pa mboga. Mmea mdogo waweza kuhama, mti mkubwa hauwezi. Kazi inafanywa hivi:

Juma tatu au nne kabla ya kuhamisha, chimba mtaro mwembamba kuzunguka mmea, ukate mizizi mirefu. Mizizi midogo mipya itaota karibu na shina. Kipande cha udongo kitakachobebwa kiwe na upana wa mara kumi unene wa shina, au zaidi kidogo. Shina la sentimeta 3 lahitaji udongo wa sentimeta 30 au zaidi.

Chimba shimo jipya kwanza, kabla ya kung'oa. Ngoja mvua zianze, uchague siku ya mawingu au wakati wa jioni. Inua mmea pamoja na udongo wake, uufunge kwa gunia au kwa majani ya mgomba. Usiushike kwa shina kama kuku anayeshikwa shingo. Upande kwa kina kile kile cha kwanza, usiuzamishe zaidi. Mwagia ndoo ya maji, funika udongo kwa majani makavu yasiyogusa shina, na uweke kivuli kwa siku chache. Mvua ikikosa, mwagia tena kila siku mbili au tatu.

Waridi kuukuu laweza kufa katika safari hiyo. Kwa hiyo Mama alikata kwanza vijiti kumi vyenye unene wa kalamu na urefu wa kiganja, akavichomeka katika udongo wenye kivuli. Sita vilishika. Ndivyo anavyofanya mtu mwenye akili: kabla ya kuhamisha mmama, anamtunza mtoto.

8. Mimea ya kuondoka

Si kila mmea unastahili kubaki. Mti uliooza ndani na kuegemea nyumba ni hatari. Maua makubwa meupe ya umbo la tarumbeta ni mazuri, lakini mmea wote una sumu. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni yanaweza kupofusha. Mimea hiyo haifai mahali watoto wadogo wanapochezea.

Mkaratusi wa karibu na jiko nao uliandikwa katika kundi hili. Unakunywa maji mengi, na matawi yake huanguka wakati wa dhoruba. Lakini hata mti wa kuondoka una namna yake ya kuondolewa. Uliangushwa na watu wenye ujuzi, kwa kamba, kipande kwa kipande. Kisiki hakikung'olewa, maana kung'oa kisiki kilimani ni kufungua shimo kwa maji. Machipukizi yake yaliondolewa kila yalipotokea. Mizizi ingeshika udongo miaka michache mpaka ioze. Katika miaka hiyo baba alipanda miti mingine mahali pale, ipate kushika kazi kabla ya ile mizizi kuiacha.

9. Bustani ya watu wengi

Sasa jamaa ile ina mboga na maua kama walivyotaka, lakini mistari haikunyoka kama ilivyochorwa mwanzo. Inafuata upande wa kilima, na inazunguka mti wa avoka. Watu wanaochuma avoka hizo hawamjui aliyeipanda. Yeye naye hakuwajua. Wale watakaoingia katika nyumba hiyo baadaye watakuta kazi ya wote wawili.

Usiache mbachao kwa msala upitao.

Maana ya maneno

Mmomonyoko: kuchukuliwa kwa udongo na maji au upepo.
Mshazari: upande upande, si sawasawa.
Kisiki: sehemu ya mti inayobaki ikiisha kukatwa.
Mbacha: mkeka uliochakaa. Msala: mkeka wa kusalia.

Maulizo

1. Mbegu ya avoka inakawia miaka mingapi kabla ya kuzaa?
2. Kwa nini mzee alimwambia baba angoje mvua?
3. Eleza mambo matatu ambayo mti unaufanyia udongo.
4. Mizizi mingi ya mti iko wapi?
5. Kwa nini waya uliofungwa kuzunguka shina unaweza kuua mti?
6. Kwa nini kisiki cha mkaratusi hakikung'olewa?
7. Eleza kwa maneno yako methali iliyo mwisho wa somo.

Kazi ya mikono

Chora kiwanja cha kwenu au cha shule. Andika kila mti mahali pake. Karibu na kila mti andika herufi moja: K kwa wa kukaa, H kwa wa kuhama, O kwa wa kuondoka. Usiandike O kabla ya kuuliza mzee mmoja anayeujua mti huo.